Somo: Lebo ya Asali

Katika misitu ya Kasulu na Kibondo watu hufuga nyuki. Asali yao huuzwa hadi Kigoma na Ujiji. Asali ya Tanzania huuzwa hata Ulaya.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya asali ya mwaka 2001. Inasema hivi:

1. Asali isitiwe kitu kingine. Ikitiwa sukari, isiitwe asali.
2. Katika kilo 100 za asali, kwa kawaida maji yasizidi kilo 20.
3. Lebo itaje nchi ilikotoka asali.

Sheria ilirekebishwa mwaka 2024. Kuanzia Juni 2026, asali ya nchi mbalimbali ikichanganywa, lebo itaje nchi hizo na asilimia zake.

Je, jambo hili latuhusu? Ndiyo. Mnunuzi humimina asali ya wafugaji wengi katika pipa moja. Debe moja lenye sukari au maji huharibu pipa zima. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kwa hiyo, vuna masega yaliyofunikwa kwa nta. Asali ya masega yaliyo wazi ina maji mengi, nayo huchacha. Tumia chombo safi, kikavu, chenye mfuniko.

Kisha andika lebo yako: asali, kijiji, tarehe ya kuvuna na uzito. Andika kweli tupu.

Maswali
1. Kwa nini tusivune masega yaliyo wazi?
2. Andika lebo ya asali ya kijiji chako.