Umenuna nini, mdogo wangu?

Njoo hapa tuongee, mdogo wangu mtunzi. Simfoni umeimaliza, okestra ya mkoani imekubali kuipiga, nawe badala ya kushangilia umevuta mdomo kama mtoto aliyenyimwa andazi. "Dada, mimi nilitaka ile kubwa ya jijini." Sikushangai, maana hamko mmoja wala wawili. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao.

Unamjua Florence Price? Mwanamama mweusi, kazaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akahamia Chicago na wanawe. Kutunga alitunga kwa kuibia muda. Alipovunjika mguu ndipo akapata siku za kukaa kitako na nota zake, akatania kwenye barua kwamba bahati kama hiyo ataipata lini tena! Simfoni yake ya kwanza ikashinda tuzo ya Wanamaker ya dola 500 mwaka 1932, na tarehe 15 Juni 1933 Frederick Stock akaiongoza na Chicago Symphony. Okestra kubwa ya Marekani ilikuwa haijawahi kupiga simfoni ya mwanamke mweusi.

Hapo utadhani milango ilifunguka. Thubutu! Alimwandikia Koussevitzky, kondakta wa okestra ya Boston, barua baada ya barua, akimsihi azitazame tu kazi zake, asimwonee huruma wala asimbague. Koussevitzky hakupiga hata moja. Simfoni yake ya nne aliiandika mwaka 1945, akafa mwaka 1953 hajaisikia. Makaratasi yake mengi yalikuja kukutwa mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, paa limetoboka. Na nani aliipiga simfoni hiyo ya nne kwa mara ya kwanza, mwaka 2018? Si Boston. Ni Fort Smith Symphony, okestra ya mji wa kawaida tu wa Arkansas, jimbo alikozaliwa. Wakairekodi, dunia ikaisikia. Sasa wewe unanuna!

Haya, la nota. Hapa nitakukaripia kidogo. Wapigaji wengi wa okestra hizi ni walimu. Mchana wako darasani, jioni wanaendesha gari kuja mazoezini. Mazoezi yenyewe machache, na simfoni yako inagombea muda na ya Dvořák. Ukiwapa karatasi zisizo na namba za baa, nusu ya jioni itaishia kwenye "tuko wapi?", nawe umekaa kiti cha nyuma unaomba ardhi ipasuke. Usiniambie kompyuta ndiyo iliyopanga kurasa. Chapisha sehemu ya fidla ya pili, iweke kwenye stendi, ukae nayo. Shika upinde, halafu jaribu kupindua ukurasa. Ukikuta unapindua katikati ya mbio badala ya kwenye kimya, rudi ukapange upya.

Najua ni kazi, na najua unaona haya kuomba msaada. Mficha uchi hazai. Price alikuwa akikaa kwa kina Margaret Bonds, mwanafunzi wake, na tarehe ya kukabidhi kazi ikikaribia, wanamuziki wenzake walijazana jikoni usiku wa baridi wakimsaidia kunakili nota. Hakujifanya anaweza peke yake.

Siku ya mazoezi ya kwanza utaumia, nakwambia mapema. Kitakachotoka hakitafanana na ulichokuwa ukikisikia kichwani, na utajiona umeandika takataka. Tulia, ndiyo kwanza wanaisoma. Tarumbeta likikosea usirushe mikono, maana aliyekosea kashajua. Andika pembeni, umwambie kondakta wakati wa mapumziko, mambo matatu au manne, basi. Ukianza kumfundisha mpigaji mbele ya wenzake, utakuwa umewakosa wote.

Na ikienda vibaya kweli? Huenda vibaya, mdogo wangu. Simfoni ya kwanza ya Rachmaninoff ilivurugika St. Petersburg mwaka 1897, Glazunov akiongoza. Wakosoaji wakamchana, naye akakaa karibu miaka mitatu asiweze kutunga kitu cha maana. Uhai wake wote haikupigwa tena, na nota kuu ikapotea. Kilichoiokoa ni zile karatasi za wapigaji, zilizokutwa maktaba ya konsavatori ya Leningrad. Ikapigwa tena Moscow mwaka 1945, mwenyewe keshafariki. Kwa hiyo usiku wa onyesho ukiharibika, lia, kalale. Usichane kitu, na usiandikie mtu yeyote barua usiku huo.

Lingine mnalolisahau kila mara ni rekodi. Uliza kabla hujasaini kama unaruhusiwa kupata nakala, maana wanamuziki nao wana haki zao, na kuomba baada ya makofi ni kuchelewa. Nota nazo usiziache kwenye kompyuta moja. Seti moja mwachie mkutubi wa okestra, moja ubaki nayo, na moja mpe mtu ambaye hata mkigombana hataichoma.