Divai ya Nyumbani: Subira Kabla ya Kizibo

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na baadhi ya familia za wakulima zingependa kusindika divai zenyewe badala ya kuuza matunda yote. Azma hiyo ni njema. Ila mzabibu mpya hauleti mavuno ya maana katika mwaka wake wa kwanza. Mkopo wa kununulia mapipa na chupa usitangulie shamba.

Hatari kubwa imo katika uchachushaji. Hamira hugeuza sukari ya zabibu kuwa kileo na hewa ya ukaa. Mchuzi wenye gramu 200 za sukari kwa lita hutoa divai ya takriban asilimia 12 ya kileo, na gesi tele. Chupa ikifungwa ilhali sukari imesalia, gesi hukosa njia na chupa yaweza kumpasukia mikononi mtoto aliyetumwa kuileta. Mapovu kukoma si ushahidi wa kutosha: haidromita, yaani kipimo cha uzito wa mchuzi, isome kiwango kile kile kwa siku kadhaa mfululizo. Madirisha ya chumba yawe wazi, kwani hewa ya ukaa haina harufu na hutuama chini.

Kuuza ni suala jingine. Hapo huhitajika leseni ya vileo, alama ya ubora ya TBS na stempu ya ushuru. Nawe mnunuzi, ukiona kizibo kimeinuka, usiinamie chupa hiyo kuifungua; irudishe kwa muuzaji.