Pedali ya Breki Inapozama: Kijitabu kwa Madereva na Wamiliki wa Magari Madogo

Umesimama kwenye taa, mguu umetulia juu ya breki. Taratibu unahisi pedali inateremka, mpaka inakaribia sakafu. Unaiachia, unakanyaga tena, inapanda na gari linashika. Wengi hapo hushusha pumzi na kuendelea na safari. Tunakuomba usiendelee.

Breki za gari dogo husukumwa kwa mafuta. Ukikanyaga, pistoni zilizomo ndani ya masta silinda husukuma mafuta kwenye mabomba, nayo mafuta husukuma pedi zibane diski na shuu zibane dramu. Mafuta hayabonyei. Kwa hiyo mguu ukitulia, pedali nayo haina budi kutulia. Ikizidi kushuka, ipo njia ambayo mafuta yanapita: ama yanavuja nje, ama yanarudi nyuma humo humo ndani. Itafute njia hiyo kwanza, kabla hujatoa hata shilingi ya spea.

Kupima kabla ya kufungua

Egesha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi, vuta breki ya mkono. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Ishikilie hivyo hivyo, kisha washa injini. Pedali itashuka kidogo na kutulia. Hiyo ni busta inaanza kukusaidia, wala si ugonjwa. Usikubali kubadilishiwa masta silinda kwa sababu hiyo.

Sasa kanyaga kwa nguvu ya wastani na uhesabu sekunde thelathini. Rudia kwa kukanyaga kidogo tu, kama ufanyavyo kwenye foleni. Jaribio hili la pili ndilo linaloumbua raba zilizochoka. Ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo lenyewe hutanua midomo ya raba ikabana ukuta wa silinda. Ukikanyaga kidogo, mafuta hupenya pembeni yake. Ndiyo maana gari hilo hilo hushika vizuri barabarani, pedali ikaja kuzama kwenye taa.

Pedali inayobonyea kama sponji, kisha ikapanda kila unapopampu, ina tatizo jingine: mara nyingi ni upepo kwenye mabomba, au shuu za nyuma zilizolegea zinazohitaji kurekebishwa.

Halafu tazama chupa ya mafuta ya breki. Weka alama kwa kalamu pale mafuta yalipofikia. Yakipungua, kagua kila tairi kwa upande wa ndani, hosi, kalipa na maungio ya mabomba. Kwenye dramu, fungua uangalie kama wili silinda imelowa. Usipoona tone popote, fundi alegeze masta silinda kutoka kwenye busta na kutazama mgongo wake. Mafuta huweza kuvuja na kuingia ndani ya busta bila kudondoka chini, na wakati mwingine injini huyavuta ikatoa moshi mweupe.

Mafuta yasipopungua hata kidogo, mtuhumiwa wa kwanza ni masta silinda yenyewe. Fundi makini huthibitisha kwa kuziba matundu yake ya kutolea mafuta kwa vizibo vya nyuzi, kisha kukanyaga. Pedali ikiwa ngumu na kusimama, masta ni nzima. Tatizo liko mbele yake, na kwenye gari lenye ABS, hata vali za kifaa hicho zichunguzwe. Ikizama, umepata jibu.

Matengenezo, na njia za mkato zinazoua

Kubadilisha raba peke yake hufaa iwapo ukuta wa silinda ni laini. Mulika kwa tochi. Ukiona kutu au mikwaruzo inayoshika ukucha, raba mpya zitaliwa baada ya muda mfupi. Nunua masta silinda mpya. Ile ya mtumba huja na raba zilizozeeka kama zako. Sehemu za ndani zisafishwe kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, kamwe si kwa petroli wala dizeli, kwa maana hizo huvimbisha raba. Kwa sababu hiyo hiyo, usiongeze oili ya injini kwenye chupa ile. Maji ya sabuni nayo huleta kutu, tena huchemka upesi.

Wapo wanaoziba kwa nyundo bomba la tairi linalovuja ili gari lifike nyumbani. Gari la namna hiyo huvutwa upande mmoja likifunga breki za ghafla, na anayelipia anaweza kuwa mtoto aliyesimama kando ya barabara.

Tumia mafuta ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ya silikoni isichanganywe nayo. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 205 za selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa muda mrefu Tanga au Mombasa isitumike. Anayeshuka Kitonga akitoka Iringa huku amekanyaga breki mfululizo huyapasha moto mafuta ya zamani mpaka yatoe mvuke, na mvuke hubonyea. Shuka kwa gia nzito. Breki ikizama ukiwa mwendoni, pampu haraka haraka, punguza gia, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, na usizime injini.

Wakati wa kutoa upepo, weka kipande cha mbao chini ya pedali. Kwenye gari la zamani, kuikanyaga hadi sakafuni hupeleka raba kwenye sehemu ya silinda yenye kutu, zikachanika siku hiyo hiyo. Chupa isikauke, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Kabla gari halijatoka gereji, rudia jaribio la sekunde thelathini, kwa nguvu na kwa kukanyaga kidogo. Kesho yake asubuhi, fungua boneti utazame ile alama ya kalamu.