Mlango wa Printa Ulioachwa Wazi



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuja kwetu kuchapisha kazi yake ya muhula. Akiwa anasubiri, aliandika kwenye kivinjari cha simu yake anwani ya printa, tarakimu za namna ya 192.168.1.20, akafungukiwa na ukurasa wenye mipangilio yote. Hakuulizwa nywila. Nyumbani tunakaa wanne, na kila mgeni tunampa waifai kabla hata ya chai, kwa hiyo karibu nusu ya darasa letu wangeweza kufanya alivyofanya.

Printa ya waifai ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna seva inayotoa ukurasa huo, na humo hubadilishwa mipangilio ya mtandao, orodha ya anwani, na barua pepe ya kutumia karatasi zilizoskaniwa. Hapo kwenye barua pepe ndipo penye hatari. Ili printa itume barua, huwekewa nywila ya akaunti fulani. Ukifungua ukurasa huioni. Unaona nukta tu, nawe unaridhika. Lakini mwenye nia mbaya hana haja ya kuiona. Anafuta jina la seva ya barua pepe, anaandika anwani ya kompyuta yake mwenyewe, kisha anabonyeza kitufe cha kujaribu. Printa isiyo na kinga dhidi ya hila hii itampelekea nywila yenyewe, kwa utiifu kabisa. Sisi tulikuwa tumeweka akaunti inayopokea fomu za wanachama, zenye majina na namba za simu za watu waliotuamini.

Labda utasema yako ina nywila iliyotoka nayo kiwandani. Juni 2025, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Rapid7 ilitangaza kwamba katika mamia ya aina za mashine za Brother, nywila hiyo hutengenezwa kwa kanuni kutokana na namba ya utambulisho ya mashine. Anayeijua namba na kanuni anaipata nywila, na kwenye aina nyingi namba hiyo husomeka kupitia mtandao bila kuingia popote. Brother ilieleza kuwa kwa mashine zilizokwisha kutengenezwa, programu mpya pekee haiwezi kuliondoa tatizo hili lote. Mwenye mashine lazima abadilishe nywila kwa mkono wake.

Basi ichapishe karatasi ya taarifa za mtandao kutoka kwenye menyu ya printa, uone anwani yake, uifungue. Kivinjari huenda kikakuonya kwamba ukurasa si salama, kwa sababu cheti chake printa imejitengenezea yenyewe. Ukiwa kwenye mtandao wako na anwani umeiandika sawasawa, endelea. Tafuta sehemu ya msimamizi au usalama, weka nywila ndefu isiyofanana na ya waifai, kisha sasisha programu ya printa. Kwenye ruta, wape wageni mtandao wao pembeni, na hakikisha hakuna njia iliyofunguliwa kutoka intaneti hadi kwenye printa.

Kwetu kazi hiyo ilichukua kama dakika ishirini, nyingi zikiishia kutafuta karatasi. Nywila ya ile akaunti tuliibadilisha pia. Na ukitaka kuuza printa au kumpa mdogo wako, irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani, maana orodha ya anwani na nywila huhama pamoja nayo.