Jinsi Bakteria Wanavyogawiana Silaha

Hapa Nyeri wengi wetu tukishikwa na homa ya matumbo, yaani taifodi, hukimbilia dukani kununua tembe mbili tatu. Hatari iko hapo! Mnamo 1946, Lederberg na Tatum wa Marekani walionyesha kwamba bakteria hupeana jeni. Mmoja humshika mwenzake akampitishia nakala ya plasmidi, pete ndogo ya jeni, kama jirani anavyogawa kaa la moto: meko yake hayazimiki. Wataalamu wa KEMRI wamepata Nairobi bakteria wa taifodi wenye plasmidi inayoshinda ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli kwa pamoja. Dawa nusunusu huua walio dhaifu. Sugu hubaki, wakazaana na kuwagawia wengine. Basi tupimwe kwanza, kisha tumalize dozi tuliyoandikiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.