Septiki au sewa? Anza na taarifa yako ya miamala

Mvua ya Aprili ikinyesha siku tatu mfululizo, kuna ploti Ruiru ambazo maji ya choo hayashuki tena. Mwenye nyumba anatafuta lori la kunyonya maji taka, anaambiwa kuna foleni. Analipa, na wiki mbili baadaye tangi limejaa tena.

Wengi husema septiki ni ndogo. Mara nyingi tangi halina kosa. Uchafu mzito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la pili ili yanywewe na ardhi. Shimo hilo likiziba, au udongo ukishiba maji ya mvua, tangi linabaki kuwa ndoo tu. Na pale penye udongo mweusi, kama sehemu za Juja na Ruiru, ardhi hunywa polepole hata kiangazi.

Sasa laini ya sewa imepita karibu na geti lako. Uunge au ungoje? Kabla ya kumuuliza jirani, fungua simu. Omba taarifa ya miamala ya miezi 12, tafuta nambari ya mwenye lori, kisha hesabu umemlipa mara ngapi. Usitegemee kumbukumbu. Elfu saba hapa na pale husahaulika. Elfu sitini kwa mpigo ndiyo inayoogopesha.

Tuchukue mfano wa ploti ya nyumba sita. Bei hizi ni za kufikirika tu, weka zako. Lori ni shilingi 7,000, kuunganishwa pamoja na mabomba na fundi ni 60,000, na ada ya sewa ya ploti nzima ni 1,800 kwa mwezi, yaani 21,600 kwa mwaka. Ukinyonya mara tano kwa mwaka unatumia 35,000. Sewa itakuokolea 13,400, na gharama ya kuunganisha itarudi baada ya miaka minne na nusu hivi. Si haraka. Lakini lori likija kila mwezi, unatumia 84,000 kwa mwaka, na zile 60,000 zinarudi kabla ya mwaka kuisha. Anayenyonya mara moja kwa miaka mitatu, kwa pesa tu, hana sababu ya kukimbia.

Kwa hivyo wakati mbaya zaidi wa kusitasita ni pale fundi anapokwambia uchimbe shimo jipya. Usizike pesa ardhini kabla ya kujua bei ya kuunganishwa.

Pesa si yote, lakini. Sensa ya 2009 ilihesabu watu karibu 239,000 mjini Ruiru. Ya 2019, karibu 490,000. Ploti zimebanana, na shimo lako huenda liko hatua chache kutoka kisima cha jirani. Hapo hata tangi linalonyonywa mara chache lina deni ambalo halionekani kwenye taarifa ya simu.

Ulizia ofisini: RUJWASCO kwa Ruiru na Juja, THIWASCO kwa Thika. Je, laini iko chini kuliko bomba lako la choo? Kama nyumba iko bondeni, utahitaji pampu, na hesabu yote inabadilika. Kama una kisima chako, utatozwaje sewa? Je, unaweza kulipa mdogo mdogo? Na kama mgao wa maji kwenu ni siku mbili kwa wiki, panga tangi la akiba, kwa sababu uchafu hausukumwi na hewa.

Usilipe kwa nambari ya mtu binafsi, hata akija amevaa koti la kazi na kusema anakuharakishia faili. Chukua nambari ya Paybill na ya akaunti ofisini au kwenye bili yako, soma jina linalojitokeza kabla ya malipo kukamilika, na uhifadhi ujumbe wa malipo pamoja na risiti.

Ukishaunganishwa, kuna lori moja la mwisho la kulipia. Tangi linyonywe kabisa, kisha lijazwe mawe na udongo. Mfuniko wa tangi lililosahaulika huoza, na watoto hucheza juu yake.