Bumu la Siku Moja, Ruzuku ya Mwaka Mzima

Tuanze na hesabu ndogo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mnufaika wa mkopo anayepata kiwango kamili cha chakula na malazi anahesabiwa Sh 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa Sh 8,500, na hapa chuoni kila mtu ana maoni yake kama nyongeza ile ilitosha au la. Sasa rudi nyuma kidogo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ya serikali ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kwa mwaka. Yaani chakula chako cha leo na kitanda chako cha usiku huu ni sawa na chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na vitabu vya mdogo wako aliye darasa la nne kuanzia Januari hadi Desemba.

Simtaki mtu aone aibu kula chipsi. Bumu lenyewe halitoshi, hilo halina mjadala. Kinachonisumbua ni tofauti nyingine kati ya fedha hizi mbili, nayo haihusu ukubwa wake bali namna zinavyogawanywa.

Kumbuka ulivyojaza fomu ya Bodi ya Mikopo. Uliulizwa kama wazazi wako hai, kama una ulemavu, kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF, ulisoma shule gani na nani alikulipia. Kisha ukapangiwa kiwango. Jirani yako hosteli akapata zaidi, mwingine akapata kidogo, mwingine akakosa kabisa. Tunalalamika kwamba Bodi imekosea kumpima fulani, na mara nyingine malalamiko ni ya haki. Lakini sijasikia mwanafunzi akidai kwamba mtoto wa mkulima yatima na mtoto wa mkurugenzi walipaswa kupewa asilimia ileile. Kanuni yenyewe tumeikubali: anayehitaji zaidi apate zaidi.

Ruzuku ya shule ya msingi haiulizi swali hata moja kati ya hayo. Inahesabu vichwa, inazidisha, inatuma.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotuchanganya. Neno "usawa" tunalitumia kwa mambo mawili. La kwanza ni kila mtu kupata kiasi kilekile. La pili ni kila mtu kupata kinachomwezesha kufika pale mwenzake anapofika. Nyumbani hatuchanganyi: mama hampakulii mtoto wa miaka mitatu sahani sawa na ya kijana wa kidato cha nne, na aliyeugua malaria anapewa supu wakati wengine wanakula ugali na dagaa. Hakuna anayeinuka kusema mama ana upendeleo. Kwenye bajeti ya shule za umma, tumeichukua maana ya kwanza na kuiita haki.

Tuone inavyofanya kazi. Katika ile Sh 10,000, Sh 6,000 ndiyo hupelekwa shuleni na Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Chukua shule mbili za kufikirika. Shule ya mjini ina wanafunzi 1,800, ya kijijini ina 180. Ya mjini inapata Sh 10,800,000 kwa mwaka, sawa na Sh 900,000 kwa mwezi. Ya kijijini inapata Sh 1,080,000 kwa mwaka, yaani Sh 90,000 kwa mwezi.

Utasema hiyo ni sawa tu, kwa sababu ya mjini ina watoto mara kumi. Lakini gharama za shule hazipandi na kushuka kwa kichwa. Shule yenye watoto 180 nayo ina darasa la kwanza mpaka la saba, na darasa la awali. Kila darasa linahitaji chaki, kitabu cha mahudhurio na mtihani wa kufunga muhula. Mwalimu mkuu anaitwa kikao halmashauri sawasawa na mwenzake wa mjini, ila mwenzake anapanda daladala moja, yeye anapanda bodaboda mpaka barabara kuu kisha basi. Safari mbili za hivyo ndani ya mwezi, pamoja na kuchapisha mitihani kwenye steshenari ya mjini, na ile Sh 90,000 imebaki ya kununulia kufuli.

Upande wa pili nao una mzigo wake, tusijidanganye. Kwa kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, ile shule ya watoto 1,800 (tuseme nusu kwa nusu) inahitaji matundu 81. Wewe mwenyewe unajua shule ngapi za mjini zina matundu 81. Darasa la watoto 150 halifundishiki hata kama aliyeshika chaki ni profesa. Na mjini kuna umaskini uliobanana kuliko wa kijijini. Kwa hiyo anayedhani suala hili ni kuinyang'anya shule ya mjini na kuipa ya kijijini hajalielewa. Tofauti kubwa iko kwa wazazi. Pale ambapo wazazi wana kipato, kamati ya shule ikiitisha kikao zinapatikana hela za mlinzi, za karatasi, za mwalimu wa kujitolea wa hisabati. Pale ambapo hawana, kikao kinaisha kwa kukubaliana kwamba hali ni ngumu. Waraka uliondoa ada na michango ya lazima. Haukuondoa tofauti ya mifuko.

Nchi hii iliwahi kujaribu maana ya pili ya usawa, tena kwa nguvu. Tulipopata uhuru, shule nyingi zilikuwa pale ambapo wamisionari na kahawa vilitangulia: Kilimanjaro, Bukoba na maeneo machache mengine. Mwaka 1969 serikali ikatwaa shule za mashirika ya dini, kisha nafasi za kidato cha kwanza zikagawanywa kwa mgawo wa mikoa, na baadaye hadi wilaya. Mtoto wa mkoa uliokuwa nyuma akaweza kuchaguliwa kwa alama ambazo mwenzake wa Kilimanjaro akizipata anabaki nyumbani. Wengi waliona ni uonevu. Watu wa Kilimanjaro hawakukaa kulalamika tu, walijenga shule zao za binafsi, na kufikia miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa na shule za namna hiyo kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi. Mimi naona mgawo ule ulikuwa sahihi kwa nia na pungufu kwa njia: ulirekebisha mlangoni pa sekondari badala ya kuirekebisha shule ya msingi alikotoka mtoto. Na mwenye uwezo siku zote hupata mlango wa pembeni.

Bodi ya Mikopo ina kasoro hiyohiyo, tena zaidi. Inampima mtu uhitaji akiwa ameshavuka darasa la saba, kidato cha nne na cha sita. Wale waliohitaji msaada kuliko sisi sote hawakuwahi kuiona hiyo fomu.

Afrika Kusini walichukua njia nyingine. Sheria yao ya Shule ya mwaka 1996 ilifuatwa na kanuni za fedha za mwaka 1998, zilizotaka kila jimbo lipange shule zake katika makundi matano kwa kuangalia umaskini wa jamii inayozizunguka. Katika fedha za uendeshaji, ukiacha mishahara, moja ya tano iliyo maskini zaidi ilitengewa asilimia 35, na moja ya tano iliyo tajiri zaidi ikapata asilimia 5. Baadaye, kuanzia 2007, shule za makundi ya chini zikaanza kuwa shule zisizotoza ada. Huo ni mgawo wa haki ulioandikwa kwa tarakimu.

Usikimbilie kushangilia, lakini. Sheria hiyohiyo inaruhusu wazazi wa shule nyingine kukubaliana ada, na shule zenye wazazi wa kipato kikubwa huitumia ada hiyo kuajiri walimu wa ziada. Pengo likabaki. Fedha nyingi za elimu ziko kwenye mishahara, si kwenye chaki. Kwetu ni vilevile: mshahara wa mwalimu mmoja kwa mwezi ni mara kadhaa ya ile Sh 90,000. Shule ya kijijini ikipoteza mwalimu mmoja aliyehamia mjini kumfuata mwenzi wake, imepoteza fedha ya umma kuliko ruzuku yake yote. Hakuna anayeandika hasara hiyo popote. Wenzetu wa ualimu wanajua: mwalimu hakimbii watoto, anakimbia kukosa nyumba, maji na mtandao wa kupokelea mshahara wake. Nyumba ya mwalimu kijijini ni sera ya usawa kuliko semina nyingi zenye neno hilo kwenye bango.

Turudi kwenye ruzuku, kwa sababu hiyo inawezekana kurekebishwa haraka. Tunazo takwimu tayari. TASAF ina orodha ya kaya maskini kijiji kwa kijiji, na moja ya masharti yake ni mahudhurio ya watoto shuleni. Tujaribu kanuni hii: kila shule, kubwa au ndogo, ipate kwanza kiasi cha msingi cha Sh 600,000 kwa mwaka. Kisha Sh 6,000 kwa kila mwanafunzi kama kawaida. Kisha nyongeza ya Sh 3,000 kwa kila mtoto anayetoka kaya ya TASAF.

Tuseme ile shule ya watoto 180 ina watoto 80 wa kaya hizo. Itapata 1,080,000 + 600,000 + 240,000, jumla Sh 1,920,000, ambayo ni Sh 160,000 kwa mwezi badala ya 90,000. Ile ya watoto 1,800 ikiwa na watoto 200 wa kaya hizo, itapata Sh 12,000,000. Zote zimepanda, hakuna aliyenyang'anywa. Ila moja imepanda kwa karibu asilimia 78 na nyingine kwa asilimia 11. Na ile shule ya mjini iliyojaa watoto maskini itapanda zaidi ya hapo, kama inavyostahili.

Gharama? Kwa shule za msingi za serikali takriban 17,000, kiasi cha msingi peke yake ni kama Sh bilioni 10.2 kwa mwaka. Elimu bila ada ilipoanza, serikali ilitangaza kupeleka Sh bilioni 18.77 kila mwezi. Pingamizi zito zaidi ni la orodha: majina ya TASAF yana malalamiko, wapo wanaostahili walioachwa, na mwalimu mkuu anaweza kushawishika kuongeza idadi. Ni kweli. Hata fomu za Bodi zina uongo ndani yake, na suluhisho halijawahi kuwa kumpa kila mtu asilimia moja.

Wanaokwenda kufundisha kwa mazoezi mwaka huu watatawanyika kwenye shule ambazo wengi wetu hatutaziona. Mapato na matumizi ya ruzuku yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Nakili tarakimu nne: wanafunzi, ruzuku iliyoingia, walimu walioajiriwa na wa kujitolea, na watoto wa kaya za TASAF (idadi tu, si majina). Zikiletwa kwa Waziri wa Elimu wa serikali yetu ya wanafunzi, tutakuwa na jedwali la shule halisi, na tutajua kama hizi Sh 600,000 nilizozipendekeza ni nyingi, ni chache, au nimekosea kabisa.